Jiko la udongo la Kamukunji: utafiti wa miaka ya 80 ambao bado unaivisha maharagwe

Nimepika na hili jiko tangu mvua ndefu zianze na sasa nina la kusema. Ni lile la kawaida kabisa, bati nje udongo ndani, kiuno katikati, kamlango kadogo ka majivu chini, mikono miwili ya kubebea, saizi ya kati ile inakalisha sufuria ya githeri ya nyumba nzima. Nimelitoa Kamukunji hapa Nairobi kwa mafundi wa jua kali kwa shilingi 650, fundi alianzia 900 lakini hiyo mnaijua. Nyota nne kwa tano. Ile ya tano nitasema imeenda wapi, na niwaambie mapema si fundi aliyeipoteza.

Tuanze na kupika maana ndiyo kazi ya jiko. Maharagwe ya kulowekwa usiku yanaiva na mkebe mmoja wa makaa, na ukitoa sufuria bado kuna moto wa kuchemshia watoto maji ya kuoga. Lile la bati tupu nililokuwa nalo kabla ya hili, mkebe ulikuwa unaisha maharagwe yakiwa bado magumu, unaongeza nusu mkebe, na huku ubavu wa jiko umekuwa mwekundu hadi mtoto haruhusiwi kupita karibu. Chapati hapa ni raha, makaa yakishashika unarudisha kamlango kidogo unapata moto wa pole pole ambao haubadiliki badiliki, chapati inatoka na madoa yake bila kuungua. Matumbo, githeri, nyama ya ng'ombe mzee, vitu vyote vya kukaa motoni, hapa ndipo kwao.

Ubaya wake upo. Linachelewa kupata moto maana ule udongo lazima unywe joto lake kwanza kabla ya kukupa wewe, kwa hivyo asubuhi ukiwa umechelewa kazini usijaribu, washa meko ya gesi unywe chai uende. Ugali wa watu wengi unataka mtu wa kukushikia sufuria kwa sababu jiko ni jepesi linacheza. Na kuwasha ni moshi uleule wa kila jiko la makaa, washia nje, halafu ukiliingiza ndani acha dirisha wazi jameni, ile hewa ya makaa haina harufu na kila baridi ya Julai tunasikia watu wamelala na jiko ndani ya nyumba wakakosa kuamka. Udongo haubadilishi hilo hata kidogo.

Kwa nini linakula makaa kidogo ni hesabu nyepesi. Jiko la bati tupu linafikisha kwenye sufuria asilimia 10 hadi 20 ya joto la moto, zingine zinatokea ubavuni zinapasha ukuta. Hili la udongo linafikisha 25 hadi 40. Namba hizo alizichapisha Daniel Kammen mwaka 1995, profesa Mmarekani ambaye amefuatilia majiko ya huku kwa muda mrefu, na kwa mkebe wangu wa makaa naona zinaelekeana na ukweli.

Sasa mbona nimeanza kuongea asilimia kwenye habari ya jiko la mia sita na hamsini. Kwa sababu kila bajeti ikisomwa hapa Kenya kuna mtu lazima aulize hizi pesa za utafiti zimewahi kumlisha nani, si afadhali zijenge barabara tuzione, na mimi kila nikisikia hivyo naangalia hili jiko. Watu wengi wanadhani lilitoka kwa fundi mmoja mjanja aliyeamka siku moja akapaka udongo ndani ya bati. Hapana. Hiki ni kitu cha utafiti, pesa zilitoka, watu wakalipwa kukaa chini na kupima na kukosea na kupima tena.

Mapema miaka ya 80, mafuta yalikuwa yamepanda bei dunia nzima na watu wameanza kuhofia misitu, na Nairobi ndiyo ilipokea ule mkutano mkubwa wa Umoja wa Mataifa kuhusu kawi mpya Agosti 1981. Wizara ya Kawi ikawa na mradi wa kawi mbadala uliolipiwa na USAID, yaani walipa kodi wa Marekani ndio walianza kutulipia, tuseme ukweli. Wazo lenyewe pia halikuwa letu, lilitoka Thailand ambako tayari walikuwa na jiko la ndoo lenye udongo ndani. Lakini hawakulibeba vile lilivyo wakatuletea. Kuna Maxwell Kinyanjui, ndiye jina linalotajwa sana kwenye hii hadithi, kuna KENGO, muungano wa mashirika yasiyo ya serikali ya mambo ya kawi, na kuna mafundi wa Shauri Moyo hapa Nairobi waliokuwa tayari wanatengeneza la bati kwa mkono. Udongo wa kwanza ulikuwa unapasuka. Wakina mama wakapewa wapike nalo waseme lina shida gani, wakasema, likarudi kwa fundi. Mwisho wake ndio hili umbo la kiuno, udongo umekaa nusu ya juu tu, na kati ya udongo na bati kukawekwa simiti iliyochanganywa na madini mepesi ya kuzuia joto yanaitwa vamikulaiti. Siku hizi fundi anaweka simiti tu, vamikulaiti ni gharama.

Halafu likaja jambo ambalo kwangu ndilo limebeba kila kitu: hakuna aliyelifungia jiko hili kwa hati miliki. Na serikali haikuweka ruzuku kwenye bei. Pesa zililipia kujaribu, kufundisha na kutangaza, halafu mtu yeyote mwenye nyundo akaachiwa aige. Mwanzoni lilikuwa ghali, kama dola 15, la wenye mishahara. Mafundi wakaongezeka, kila mmoja anapunguza bei apate kastoma wa mwenzake, likashuka hadi dola chache. Kufika katikati ya miaka ya 90 kulikuwa na majiko zaidi ya 700,000 kwenye nyumba za Wakenya, zaidi ya nusu ya nyumba za mijini, na karakana na vikundi zaidi ya 200 vinavyotoa majiko kama 13,000 kila mwezi. Baadaye likavuka mipaka, Tanzania, Uganda, Sudan, Malawi, Ethiopia wakalibadilisha kidogo wakaliita Lakech.

Ukitaka kuona ajira ya utafiti inavyokaa nenda Kamukunji uisikilize, maana utaisikia kabla ya kuiona, nyundo tupu. Nilipofika fundi alikuwa na rundo la mapipa ya mafuta yaliyokatwa. Yeye kazi yake ni kupinda tu. Kuna kijana mwingine anakata duara za chini na patasi, anakata tu, jioni analipwa kwa idadi. Kuna mwingine anatengeneza mikono na bawaba ya kamlango. Udongo hautengenezwi pale, unaletwa umeshachomwa, umepangwa na nyasi katikati usivunjike njiani, kwa hivyo kuna mtu mahali anachimba udongo, mwingine anafinyanga, mwingine anachoma, mwingine ana pikapu. Halafu mama mmoja mwenye ndoo ya simiti ndiye anaunganisha udongo na bati, na ninavyoona yeye ndiye mwenye uamuzi wa mwisho pale, akisema udongo huu hauendi hauendi. Halafu rangi. Halafu wanaonunua kwa jumla kupeleka mashambani juu ya matatu. Nikahesabu kichwani mikono iliyogusa jiko langu kabla halijafika kwangu nikaachia njiani.

Nikamuuliza fundi hii kazi alifunzwa na nani. Akasema mjomba wake. Na mjomba?

"Aliona, madam," akacheka. "Aliona ya jirani akafanya yake."

Wachumi wameandika vitabu vinene kusema hicho alichosema. Robert Solow mwaka 1957 alichukua takwimu za Marekani za 1909 hadi 1949, miaka ambayo mfanyakazi wa kule alifikia kuzalisha maradufu kwa saa moja, akauliza hiyo nyongeza ilitoka wapi, ni mashine kuongezeka ama nini. Akakuta mtaji kuongezeka unaeleza sehemu moja tu kwa nane. Zile saba zote akaziita mabadiliko ya ufundi, japo ndani yake alitupa kila kitu ambacho si mtaji. Baadaye Paul Romer, aliyepata Nobel 2018, akaja kueleza kwa nini maarifa yana nguvu hivyo: pipa likikatwa na fundi mmoja mwingine hawezi kulikata tena, lakini mchoro wa kiuno ukitumiwa na fundi mmoja au elfu kumi mchoro haupungui. Unalipia kuuvumbua mara moja tu. Kuutumia ni bure milele.

Na hapo hapo ndipo kuna shida, maana kama kuutumia ni bure nani atalipia kuuvumbua? Fikiria ungekuwa na kampuni yako Industrial Area mwaka 1982, unalipa wahandisi, unachoma udongo unapasuka, unachoma tena, miaka inaenda, siku ya kuingiza sokoni mjomba wa fundi wangu anapita mbele ya duka lako, anaona. Wiki ijayo anauza nusu bei. Umekwisha. Mtu mwenye akili ya biashara hagusi kitu kama hicho, na ndiyo maana pesa za umma, ama za mfadhili, ndizo ziliingia. Watu wakiniambia sekta binafsi ifanye utafiti wote nawauliza hili swali la mjomba na sijawahi kupata jibu la kunitosha.

Jibu moja lipo lakini, na liko kwa jirani yangu wa juu. Yeye ana Jikokoa, lile la kiwandani, linatengenezwa na kampuni ya BURN kule Ruiru. Nimelipikia zaidi ya mara moja na sitalidanganya, ni zuri kuliko langu. Linashika moto haraka, chumba cha moto ni chuma maalum kinachostahimili joto, kimezungushiwa pamba ya kuzuia joto, ukigusa nje haliunguzi vile langu linaunguza, na makaa yanayoingia ni kidogo hadi mara ya kwanza unaona aibu unaongeza. Hao walijibu swali la mjomba kwa kutengeneza kitu ambacho huwezi kukiiga na nyundo na pipa kuukuu. Fundi akiliangalia anaelewa linafanya nini lakini ile chuma hana, ile pamba hana, mashine ya kukunja hana. Kwa hivyo utafiti wao unawarudishia pesa wao wenyewe, wanaendelea kulipa wahandisi, na jiko la mwaka huu si la miaka mitano iliyopita. Na wameandika watu kazi, mamia, kazi ya kiwanda yenye payslip, ambayo pale Kamukunji ukitaja payslip watu wanadhani umekuja kukopesha.

Bei sasa. Hapo ndipo Jikokoa na mimi tunaachana, na si mimi peke yangu. Susanna Berkouwer na Joshua Dean walifanya utafiti na nyumba kama 1,000 hapa Nairobi, za watu wa kipato cha chini wanaopikia makaa, ukachapishwa 2022. Jiko, hilohilo Jikokoa, lilikuwa la dola 40. Matumizi ya makaa yalishuka kwa asilimia 39, ambayo kwa mwaka ni kama dola 119 zimebaki mfukoni, yaani karibu mshahara wa mwezi mzima wa hizo nyumba. Jiko linajilipa ndani ya miezi michache. Na bado ukiwauliza wangelipa ngapi walikuwa tayari kutoa dola 12 hivi. Si ujinga, mtu akiwa na shilingi mia mbili za leo haulizi kuhusu faida ya Desemba. Walipopewa kulipa kidogo kidogo kwa miezi mitatu ile bei waliyokuwa tayari kulipa iliongezeka maradufu. Haya, sasa nyinyi mnaopanga bajeti za ubunifu, jiko lilikuwa limeshavumbuliwa, limeshapimwa, liko dukani, na kilichobaki katikati yake na mama wa watoto wanne kilikuwa mkopo wa miezi mitatu. Utafiti ukiishia kwenye rafu ya duka hausukumi uchumi wa mtu yeyote.

Kampuni za majiko siku hizi zinapunguza bei kwa kuuza vyeti vya kaboni nchi za nje, mzungu analipa kwa moshi ambao haukutoka kwako. Kwa mnunuzi ni poa. Ila Kammen huyuhuyu wa hesabu za 1995 na wenzake walichapisha nyingine Januari 2024 wakasema miradi ya majiko waliyoichunguza, ukiichukua pamoja, ilikuwa imedai kuzuia moshi zaidi ya mara 9 ya ule iliouzuia kweli. Sijui kama bei hizo zitadumu kwa mtindo huo, wacha nirudi kwa jiko langu.

Kuna kitu watu wa utafiti-unaleta-ajira hawapendi kutaja. Jiko likila makaa kidogo, kuna mtu amekosa kuuza makaa. Huyu mama ninayemnunulia pale kona nilikuwa kwake kila siku, sasa anaweza kukaa nusu wiki hajaniona, na amenitania ati nimehamia Runda kwa matajiri. Si mchezo: uchunguzi wa kitaifa wa makaa wa 2005 ulikadiria watu kama 700,000 wanaishi kwa hii biashara, wachomaji, wasafirishaji, wauzaji. Ukuaji wa uchumi na ajira huwa tunavitaja pamoja utadhani ni mapacha lakini vinaweza kupishana mlangoni. Nyumba yangu imekuwa tajiri kidogo, Kamukunji imepata kazi, na mahali Kitui au Baringo kuna tanuri moja la makaa halikuwashwa. Mimi naona hesabu inabaki upande mzuri, kwa sababu ile pesa ya makaa sijaifukia ardhini, imeenda kwa mama mboga na kwa muuza mayai, na mti uliobaki una kazi yake pia. Lakini mnaopenda kutamka "ajira mpya" kwa mikrofoni muwe mnatoa zile zilizoondoka kwanza, ndiyo hesabu.

Na bei ya makaa ndiyo inaamua jiko lina thamani gani. Februari 2018 serikali ilipozuia ukataji miti kwenye misitu, gunia lilipanda hadi watu wakaanza kununua makaa kidogo kidogo, na hapo ndipo kila mtu alikumbuka kwamba kuna jiko linakula kidogo.

Sasa ile nyota.

Kabla ya hili nilikuwa nimeshanunua lingine la udongo, la barabarani kwa muuzaji wa kupitapita, la bei rahisi kabisa. Kwa macho ni jiko lilelile, kiuno kilekile, rangi yake hata ilikuwa nzuri zaidi. Udongo ulipata ufa kabla sijalizoea, halafu kipande kikaanguka ndani ya moto, nikarudi kwenye bati tupu. Shida ilikuwa kuchomwa, udongo haukupata moto wa kutosha kwenye tanuri kwa sababu kuni za tanuri ni pesa na mchomaji alikuwa anakimbizana na bei. Hiyo ndiyo ile sarafu upande wa pili wa kila-mtu-aige. Kuiga kulishusha bei hadi mtu wa kawaida akafikia, halafu kukaendelea kushusha hadi ubora ukaanza kuliwa, na hakukuwa na mtu wa kusema simama hapo. Kiwango cha taifa cha majiko kipo, KEBS, shirika la viwango la Kenya, wanacho, lakini kati yangu na muuzaji siku ile ni mimi tu ndiye niliyekuwa nimewahi kukisikia.

Ninachokasirikia ni kwamba jiko hili limekaa lilivyo. Wazo la miaka ya 80 limebaki la miaka ya 80, tena vamikulaiti ikatolewa. Mradi uliisha, mfadhili akafunga faili, na fundi wa Kamukunji hajawahi kuona mtu mwenye kipima joto akija kumwambia weka mchanganyiko huu udongo utadumu mara mbili. Angeupokea kesho asubuhi! Ameshaonyesha anaweza, mjomba wake alihitaji kuona tu. Sheria yetu ya sayansi na teknolojia ya 2013 inasema mfuko wa taifa wa utafiti upewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Takwimu za UNESCO za 2010 zilionyesha nchi nzima, serikali na vyuo na wafadhili na kila mtu, ikitumia kama 0.8. Korea Kusini wako karibu na 5. Watu wanasoma hizo namba wanalia kuhusu ukubwa wa pesa, na ni kweli ni ndogo, lakini mimi nikipewa kuchagua ningelilia zinakoenda. Ukinipa hizo asilimia 2 zote ziishie kwenye majengo na semina za hoteli ya Naivasha jiko langu litaendelea kupasuka. Neno kamili ni utafiti na uendelezaji, na uendelezaji ni mtu kurudi kwa fundi mwaka wa pili, wa tano, wa kumi. Kiwanda cha Ruiru kinarudi kwa jiko lake kila mwaka kwa sababu kisiporudi kitafungwa. La Kamukunji ni la kila mtu, kwa hivyo kurudi ni kazi ya serikali, na serikali ndiyo nimeinyima nyota.

Kama una pesa kamili mkononi ama unaweza kulipa kwa mafungu, na unapikia makaa kila siku, nunua la kiwandani, sitakuficha. Kama makaa kwako ni ya wikendi na ya vitu vya kuiva pole pole, huku gesi ikifanya chai na mayai, hili la udongo linakutosha kabisa na miezi miwili hivi limejilipa.

Ukienda, usinunue kwa macho. Gonga udongo kwa ukucha au kwa ufunguo, uliochomwa vizuri unalia kwa sauti kali, mbichi unatoa sauti iliyokufa. Angalia rangi iwe moja kuzunguka kote, kukiwa na doa jeusi kubwa upande mmoja hapo moto haukufika. Pitisha kidole kwenye simiti kati ya udongo na bati, ikitoka unga waambie asante uende kibanda kinachofuata. Hakikisha kamlango kanafunga, kakiwa kamelegea huwezi kupunguza moto na umenunua nusu jiko. Ukifika nyumbani liache siku kadhaa simiti ikauke, moto wa kwanza uwe mdogo, na usilimwagie maji likiwa na moto hata kama umechelewa kanisani. Udongo pia unauzwa peke yake, kwa hivyo kama bati lako la zamani bado halijatoboka libebe, yule mama wa simiti anatoa ule wa zamani na kukuwekea mpya ukingoja.